Mwongozo Kamili wa Kupima Jinsi Mjusi wa Miamba wa Dodoma Anavyotawala Joto la Mwili Wake

Walimu wa baiolojia, wanafunzi wa vyuo na walezi wa klabu za sayansi wamekuwa wakilijaribu zoezi hili kwenye vilima vya Dodoma na kurudi na majedwali yasiyothibitisha chochote. Kasoro karibu kila mara ni ile ile. Wanapima joto la hewa, wanaandika mjusi yuko wapi, kisha wanahitimisha kwamba mjusi hupenda jua asubuhi na kivuli mchana. Huenda hitimisho hilo ni kweli, lakini jedwali lao haliwezi kulibeba, kwa sababu hawakupima mahali ambapo mjusi angeweza kukaa na hakukaa.

Mjusi hatengenezi joto la kutosha mwilini mwake kama tufanyavyo sisi. Hulichukua kutoka nje, kwenye jua, kwenye jiwe na kwenye hewa, na hulitawala kwa kuchagua mahali, saa na mkao. Ili kuonyesha kwamba amechagua, ni lazima ujue alichokiacha. Hatua zote zinazofuata zinalenga jambo hilo moja.

Mwongozo huu unamhusu mjusi wa mchana anayeishi kwenye mawe, yule ambaye dume lake huwa na kichwa chenye wekundu na mwili wenye buluu. Jina lake la kisayansi ni Agama dodomae, na ni fahari kwetu kwamba limebeba jina la mji wetu. Mjusi kafiri wa kwenye kuta za nyumba ni mnyama wa usiku mwenye mahitaji tofauti kabisa, usimchanganye humu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Vipande 7 vya bomba la shaba, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 12 na kipenyo cha sentimita 2 hadi 3. Mafundi wa friji na viyoyozi huwa na mabaki ya bomba la namna hii.
- Vipimajoto 7 vya kidijitali vyenye waya na ncha ya kupimia, pamoja na kimoja cha akiba.
- Kipimajoto kingine kimoja cha joto la hewa.
- Msasa, vizibo vya mpira au silikoni, na rangi isiyong'aa ya kijivu na ya kahawia.
- Darubini ndogo ya macho mawili, saa, daftari lenye jalada gumu na penseli.
- Kipande cha karatasi ngumu ya kijivu kwa ajili ya kulinganisha rangi katika picha.
- Utepe mwepesi wa sentimita 30 uliofungwa kwenye kijiti, wa kuonyesha upepo.
- Karatasi ndogo za kupigia kura.
- Maji ya kunywa, kofia pana na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu.

Wengi huniuliza kama wanaweza kutumia kile kipimajoto cha kulenga paji la uso kilichoenea wakati wa janga la UVIKO-19. Jibu ni hapana. Kifaa hicho kimetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya binadamu: hukadiria joto la mwili wa mtu kutokana na joto la paji lake, na vingi havisomi kitu nje ya nyuzi 32 hadi 43 hivi. Ukikilenga jiwe la saa nane mchana kitakuandikia kosa, na ukimlenga mjusi kitakupa namba ya kubuni.

Hata kile cha viwandani kina mtego wake. Kingi kinachouzwa madukani kina uwiano wa 12 kwa 1, maana yake ukisimama umbali wa sentimita 120 kinapima duara la kipenyo cha sentimita 10. Mgongo wa mjusi wetu haufiki nusu ya upana huo, kwa hiyo sehemu kubwa ya namba utakayoisoma ni joto la jiwe alilolalia. Ile nukta nyekundu huonyesha unakolenga tu; haionyeshi ukubwa wa eneo linalopimwa. Ili duara limwenee mjusi peke yake ungehitaji kumsogelea chini ya nusu mita, na hapo atakuwa amekwisha kukimbia. Kwa sababu hiyo tutatumia njia nyingine, isiyomgusa wala kumsumbua.

## Hatua ya 1: Hakiki vipimajoto vyote

Saga barafu, ijaze kwenye kikombe, ongeza maji kidogo hadi yafunike barafu, koroga, kisha zamisha ncha zote kwa dakika 5. Kila kipimajoto kinapaswa kusoma 0 au karibu sana na hapo. Kinachosoma nyuzi 1.5, kiandikie namba hiyo kwenye mwili wake na uiondoe katika kila kipimo chake cha baadaye.

Wengine huongeza jaribio la maji yanayochemka, na hapa ndipo vipimajoto vizuri hutupwa bila hatia. Dodoma ipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kipimajoto kinachosoma 96 kwenye sufuria yako ya Dodoma ni kizima kabisa. Kabla ya kufanya jaribio hili soma kwanza maelezo ya kifaa, kwa kuwa ncha nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya friji na huharibika katika joto hilo.

Umefaulu iwapo: ncha zote, baada ya marekebisho, hazitofautiani kwa zaidi ya nusu nyuzi katika maji yale yale.

## Hatua ya 2: Tengeneza mijusi wa shaba

Hii ndiyo hatua inayobeba zoezi zima, nami naomba uipe siku nzima bila haraka.

Kipimajoto kilichowekwa juani hakikuambii mjusi angekuwa na joto gani pale. Kinakuambia kipimajoto chenyewe kimepata joto gani, na kipimajoto ni chembamba, cheupe au cheusi, na kinang'aa. Joto la mnyama aliyekaa mahali fulani linatokana na mambo mengi yanayofanya kazi kwa pamoja: miale ya jua inayompiga, joto linalopanda kutoka kwenye jiwe tumboni mwake, hewa inayompitia, na upepo unaomnyang'anya joto. Kitu pekee kinachoweza kuyajumlisha yote hayo kwa mkupuo mmoja ni kitu chenye umbo, ukubwa na rangi ya mjusi, kilichowekwa pale pale. Ndiyo maana watafiti hutumia sanamu tupu za shaba: shaba hupitisha joto upesi, hivyo sanamu hufikia joto la mahali hapo kwa dakika chache, na kwa kuwa haina uhai wala haikimbii, inakuonyesha joto ambalo mjusi angelifikia kama angebaki hapo bila kufanya lolote.

Kata vipande vya sentimita 12. Urefu huo ni wa kichwa na kiwiliwili, mkia hauhitajiki. Bonyeza kila kipande kidogo kwa nyundo ya mbao ili tumbo liwe bapa na liguse jiwe kwa upana, maana mjusi anayeota jua hujilaza hivyo. Piga msasa hadi mng'ao uishe, kisha paka rangi isiyong'aa. Changanya kijivu na kahawia mpaka upate rangi inayokaribiana na mgongo wa mjusi jike, ambaye ndiye utakayemwona mara nyingi zaidi. Rangi inayong'aa hurudisha miale na kuishusha sanamu kwa nyuzi kadhaa. Rangi nyeusi tii huipandisha kupita kiasi.

Ziba ncha moja. Kupitia ncha ya pili ingiza waya wa kipimajoto mpaka ufike katikati, ukihakikisha ncha ya kupimia inaning'inia hewani ndani ya bomba na haigusi ukuta wa shaba, kisha ziba kwa silikoni na uache ikauke usiku kucha. Ncha ikigusa ukuta wa juu utapima ngozi iliyopigwa na jua badala ya joto la ndani.

Bomba la plastiki halifai hapa. Hupata joto polepole na hupoa polepole, na mawingu yakipita utakuwa unasoma habari za nusu saa iliyopita. Shaba ikikosekana kabisa, aluminiamu ni mbadala mzuri.

Umefaulu iwapo: ukizipanga sanamu zote sambamba kwenye sakafu ya saruji juani kwa dakika 30, hazitofautiani kwa zaidi ya nyuzi 1. Sanamu inayojitenga na wenzake ifungue. Mara nyingi utakuta ncha imegusa ukuta au rangi imepakwa nyembamba.

Onyo: shaba ni mali. Sanamu iliyoachwa kilimani usiku itaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu kabla hujarudi. Zikusanye kila jioni na uzihesabu.

## Hatua ya 3: Chagua kilima na uombe ruhusa

Tafuta mahali penye mawe makubwa ya matale, nyufa zenye kina, na angalau mti mmoja au kichaka cha migunga. Usichague uwanda wa mawe matupu usio na kivuli, kwa sababu mahali pasipo na tofauti mjusi hana cha kuchagua nawe huna cha kupima. Vilima vya namna hii vimetapakaa mjini kwenyewe na katika barabara zote ziendazo Bahi, Kongwa na Kondoa.

Mwone mtendaji wa mtaa au wa kijiji kabla ya kupanda. Baadhi ya vilima vya Ugogo ni mahali pa matambiko, na wazee wana haki ya kuambiwa ni nani anapita huko na kwa shughuli gani. Kutazama kwa macho na kuweka sanamu hakumdhuru mnyama. Kumkamata, kumfunga waya au kumpima joto kwa kumshika ni jambo lingine: hiyo ni kazi ya utafiti wa wanyamapori inayohitaji kibali, nawe wasiliana kwanza na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI).

Usitie mkono kwenye ufa usiouona mpaka ndani. Nyufa zile zile zinazomhifadhi mjusi huhifadhi nyoka na mizinga ya nyuki. Tumia kijiti kuingiza sanamu, na uvute waya kuitoa.

## Hatua ya 4: Panga siku kwa kufuata jua

Saa za ukutani zitakupotosha usipozirekebisha. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Dodoma ipo karibu na nyuzi 35.7. Matokeo yake, jua hufika juu kabisa kwa wastani saa 6:37 mchana, likiyumba kutoka kama saa 6:21 mwanzoni mwa Novemba hadi saa 6:51 katikati ya Februari. Anayegawanya siku yake kwa saa sita kamili ataona "mchana" wake unakuwa na joto dogo kuliko "alasiri" yake na kushangaa bure.

Jambo la pili ni upande wa jua. Dodoma iko latitudo ya nyuzi 6 kusini, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini, likiinama karibu nyuzi 30 kutoka utosini, na Desemba hupita kusini kwa karibu nyuzi 17. Upande wa jiwe uliokuwa kivulini Juni utakuta una jua Desemba. Andika uso wa kila jiwe unatazama wapi, la sivyo vipimo vya misimu miwili havitalingana hata kama ni jiwe lile lile. Mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba jua hupita karibu na utosi, na kivuli cha mchana hubaki chini ya jiwe tu.

Kwa mara ya kwanza chagua Juni au Julai. Usiku huwa baridi, mbingu huwa safi, na tofauti kati ya jiwe la asubuhi na la mchana ni kubwa kiasi kwamba hata darasa la kidato cha pili litaiona. Rudia Oktoba au Novemba, wakati wa joto kali kabla ya mvua. Masika ya Dodoma, kuanzia Desemba hadi Aprili, yana mawingu yanayokatiza vipimo. Yaache mpaka utakapozoea.

Uwe kilimani kabla ya jua kuligonga jiwe la kwanza. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Asiyewahi hapo hukosa sehemu yenye mafunzo kuliko zote.

## Hatua ya 5: Weka sanamu 5 kwa kura

Simama katikati ya eneo lako. Andika pande 8 za dira kwenye karatasi 8, na namba 1 hadi 20 kwenye karatasi nyingine 20. Chomoa upande, chomoa idadi ya hatua, tembea, weka sanamu pale mguu wako unapoishia. Rudia mara 5. Ikiangukia juu ya jiwe, iweke juu ya jiwe. Ikiangukia nyasini, iweke nyasini. Ikiangukia kivulini, iache kivulini.

Kishawishi cha kuisogeza "kidogo tu" mahali panapopendeza ni kikubwa, nacho ndicho kinachoua zoezi. Ukiweka sanamu pale unapodhani mjusi anapapenda, umepima maoni yako. Kura haina maoni. Sanamu hizi tano zinakuambia joto ambalo mjusi angelipata kama angekaa popote bila kujali, na hilo ndilo jedwali lililokosekana katika kazi za wengi.

Sanamu ya 6 iingize ndani ya ufa mmoja kwa makusudi. Usiichanganye na zile tano katika wastani. Inakuonyesha tu kama mjusi ana kimbilio wakati kila mahali pameshindikana. Sanamu ya 7 baki nayo mkononi kwa ajili ya hatua inayofuata.

Soma sanamu zote kila nusu saa, pamoja na joto la hewa kivulini, hali ya mawingu, na utepe wa upepo: umelala, unapepea, au umenyooka. Upepo wa kiangazi wa Dodoma si jambo dogo. Sanamu iliyo juani inaweza kushuka nyuzi kadhaa upepo ukikaza, ilhali kipimajoto cha hewa hakijasogea. Siku ya pili na ya tatu piga kura upya.

Umefaulu iwapo: kufikia saa 7 mchana sanamu zako zinatofautiana kwa nyuzi 10 au zaidi ingawa ziko ndani ya hatua 20. Jiwe la matale lililo wazi linaweza kupita nyuzi 50 saa hizo. Sanamu zote zikisoma karibu sawa chini ya anga safi, eneo lako halina kivuli cha kutosha, hama.

## Hatua ya 6: Mtazame mjusi bila kumbadilisha

Kaa mbali, angalau mita 8, ukiwa umetulia. Kila nusu saa pitisha darubini kwenye eneo lote na uandike kila mjusi uliyemwona: yuko juani, kivulini au nusu kwa nusu, yuko juu ya jiwe, ardhini au mtini, na ana mkao gani. Usiandike neno "anaota jua" peke yake. Andika unachokiona, na maana utaitafuta jioni.

Asubuhi ya Juni utaona hivi. Kichwa kinachomoza kwanza kwenye ukingo wa ufa na kubaki hapo, mwili ukiwa bado ndani. Kisha mjusi hutoka polepole, rangi yake ikiwa ya giza kuliko atakavyokuwa adhuhuri, maana ngozi nyeusi hunyonya miale zaidi. Hujibandika kwenye jiwe, hutandaza mbavu mpaka mwili unakuwa mpana kama jani, na hugeuza ubavu ulielekee jua. Ukimtazama kwa makini utaona mbavu zile zikisogea kufuata jua lenyewe linapopanda.

Kadiri joto linavyopanda mkao hugeuka. Anainuka kwa miguu ya mbele, kifua kikiachana na jiwe, kisha tumbo zima linapanda ili hewa ipite chini yake. Anaelekeza uso kwenye jua ili mwili upigwe na miale kwa eneo dogo zaidi. Mwisho anaingia kivulini au upande wa pili wa shina. Mjusi aliyeachama mdomo na kuhema haraka yuko karibu na kikomo chake, naye si wa kufukuzwa wala kupigwa picha kwa karibu. Jioni hurudi kwenye mawe mapana, mara nyingi akiwa amelala bapa hata jua likiwa hafifu, kwa sababu sasa joto linatoka chini, kwenye jiwe lililoshiba jua kutwa.

Mambo mawili hupotosha sana. La kwanza ni kile kitendo cha dume kuinua na kushusha kifua, ambacho watoto husema anapiga pushapu. Hiyo ni lugha ya kutangaza eneo lake kwa madume wengine na kwa majike. Haihusiani na kujipoza. La pili ni rangi. Dume akishtuka, akishindwa ugomvi au akiingia usiku hufifia na kuwa wa kahawia, kwa hiyo rangi ya giza isihesabiwe kuwa ya kutafuta joto ikiwa dakika chache kabla kulikuwa na ugomvi au mwewe amepita. Piga picha ukiwa umeweka ile karatasi ya kijivu karibu na jiwe hilo mapema, ili uweze kulinganisha picha za asubuhi na za mchana bila kudanganywa na mwanga.

## Hatua ya 7: Fuata mjusi kwa sanamu ya saba

Mjusi anapoondoka kwa hiari yake mahali alipokaa, nenda ukaweke sanamu ya 7 pale pale, ikiwa imeelekea alikoelekea, na imelala au kuinuliwa kwa vijiwe viwili kama alivyokuwa. Subiri dakika 10, soma, andika.

Kama ukingo wa kivuli umesogea na kuifunika sanamu ndani ya dakika hizo, au wingu limepita, tupa kipimo hicho bila huruma. Usimfukuze mjusi ili upate nafasi. Aliyefukuzwa hukimbilia usalama, na mahali anapokwenda baada ya hapo hapakuambii chochote kuhusu joto.

Jitahidi pia kuwatofautisha mijusi mmoja mmoja kwa mkia uliokatika, ukubwa au makovu. Vipimo 10 vya dume mmoja ni habari za dume mmoja.

## Hatua ya 8: Fanya hesabu

Mijusi wa jenasi Agama wanaoota jua hufanya shughuli zao vizuri mwili ukiwa na takribani nyuzi 35 hadi 38. Kwa kila kipimo cha sanamu, andika umbali wake kutoka kwenye kiwango hicho. Sanamu ya nyuzi 49 ipo mbali kwa 11, ya nyuzi 31 ipo mbali kwa 4, ya nyuzi 36 ina 0.

Tuseme saa 7 mchana sanamu za kura zimesoma 49, 41, 36, 31 na 28. Umbali wake ni 11, 3, 0, 4 na 7, na wastani ni 5. Sanamu ya 7, ile ya kufuata mjusi, katika sehemu tano zilizotumiwa na mijusi saa hiyo hiyo, imesoma 37, 39, 34, 38 na 33. Umbali wake ni 0, 1, 1, 0 na 2, na wastani ni 0.8. Gawanya 0.8 kwa 5 upate 0.16, kisha toa kwenye 1. Unapata 0.84.

Namba iliyo karibu na 1 inaonyesha mijusi wanachagua kwa umakini mkubwa. Iliyo karibu na 0 inaonyesha wanakaa popote. Iliyo chini ya 0 inaonyesha wanakwepa mahali penye joto zuri, pengine kwa kumhofia adui au kufuata chakula. Muundo wa hesabu hii unatokana na kazi ya watafiti Paul Hertz, Raymond Huey na R. D. Stevenson ya mwaka 1993, ila wao walitumia joto la mwili wa mjusi mwenyewe. Sisi tumeweka joto la mahali alipokaa, ambalo ni makadirio, kwa sababu mjusi anayehamahama kati ya jua na kivuli hafikii joto kamili la mahali popote. Lieleze hilo wazi katika ripoti yako.

Onyo: wastani wa umbali wa sanamu za kura ukiwa chini ya 1, usikokotoe. Mahali ambapo kila kona inafaa, mjusi hana haja ya kuchagua, na mgawanyo wa namba ndogo kwa namba ndogo huzalisha upuuzi.

Kokotoa kila kipindi cha siku peke yake. Asubuhi na mapema hata sehemu bora huwa chini ya nyuzi 35, na namba yako itakuwa ndogo ingawa mjusi anajitahidi kuliko wakati wowote.

## Hatua ya 9: Linganisha na hali nyingine za hewa

Ukishakuwa na jedwali la Dodoma, tamaa ya kulinganisha huja yenyewe, na ni tamaa njema. Lakini tambua kwanza unatarajia nini.

Huko kwenye milima ya Andes ya Amerika Kusini, juu ya mita 4,000, mijusi wa jenasi Liolaemus huota jua na kupata mwili wenye nyuzi 30 na zaidi wakati hewa inayowazunguka iko karibu na kuganda. Jedwali la huko lingeonyesha sanamu za kivulini zikiwa za baridi mno na mjusi aking'ang'ania jua. Katika msitu mnene wa kisiwa cha Puerto Rico, mjusi aitwaye Anolis gundlachi hukaa kivulini na kuacha mwili ufuate joto la hewa, kwa kuwa vipenyo vya jua ni vichache na kuvihangaikia kungemgharimu muda, nguvu na usalama kuliko faida. Hoja hiyo ya gharama na faida iliwekwa kwenye hesabu na Raymond Huey na Montgomery Slatkin mwaka 1976, nami naiona kuwa ufunguo wa somo lote. Katika jangwa la Namib kazi ni kinyume cha Andes: mjusi aitwaye Meroles anchietae huinua miguu kwa zamu kwenye mchanga unaounguza, na mambo yakizidi huzama mchangani.

Hapa kwetu tofauti hizo ziko ndani ya safari ya siku moja. Kinyonga wa misitu ya Uluguru au Usambara hana jiwe la moto la kulalia. Asubuhi ya ukungu hugeuza ubavu, huutia giza na kungoja mwanya wa jua. Usimpime kwa sanamu ya Dodoma. Tengeneza yenye umbo lake bapa, iweke kwenye tawi, na usitumie kile kiwango cha nyuzi 35 hadi 38, ambacho si chake.

Ukilinganisha mjusi wa jamii ya Agama wa hapa na wa jamii hiyo hiyo wa pwani, tumia sanamu zile zile, zenye rangi ile ile, katika mwezi ule ule. Kisha sawazisha saa kwa jua. Dar es Salaam jua hutangulia la Dodoma kwa takribani dakika 14, na Kigoma huchelewa kwa dakika kama 24. Kipimo cha Dodoma cha saa 4:00 asubuhi kiwekwe mstari mmoja na cha Dar es Salaam cha saa 3:46, na cha Kigoma cha saa 4:24. Andika saa zote mbili kwenye jedwali, ya ukutani na ya jua, katika safu mbili zilizo karibu, ili atakayerudia vipimo vyako mwaka ujao ajue aanzie wapi.